Nati imedondokea ndani ya injini: mwongozo kamili wa kuitafuta na kuitoa

Kila baada ya muda naletewa gari lililovutwa kwa kamba, na maelezo ni yaleyale. Tulikuwa tunabadilisha plagi, nati ikadondoka, tukaitafuta tukaikosa, tukawasha tusikilize. Hapo kwenye "tukawasha" ndipo injini inapokufa. Nati iliyolala haijawahi kuvunja kitu. Inavunja pale injini inapozungushwa nayo ikiwa ndani.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza na wa mwenye gari anayejifanyia sevisi nyumbani. Nitatumia mfano wa injini ya 1NZ-FE, ile ya Toyota IST, Vitz, Probox na Raum, kwa sababu barabara zetu zimejaa magari hayo. Gari lako likiwa na injini nyingine, mpango ni uleule. Zitabadilika namba za spana na mahali bolti zilipo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze kuvua kitu ukitegemea kuagiza kifaa katikati ya kazi. Mashimo yatakaa wazi na vumbi litaingia.

- Pacha wa kitu kilichodondoka: nati, washa (kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati) au bolti iliyo sawa nacho kabisa. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na utaona sababu yake.
- Fimbo ya sumaku inayorefuka kama eriali ya redio, na nyingine ya kupinda. Maduka ya spea ya Kariakoo au ya Kirinyaga Road kule Nairobi hayazikosi.
- Kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, kichwa chake kisizidi milimita 8.
- Tochi ya kuvaa kichwani.
- Racheti, boksi namba 10, 12 na 14, boksi la plagi namba 16, na boksi linaloingia kwenye bolti ya pulei ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni.
- Mrija mwembamba wa plastiki wa urefu wa nusu mita, tepu na grisi nzito.
- Mashine ya kufyonza vumbi, hata ya nyumbani.
- Matambaa safi yasiyotoa nyuzi. Yahesabu na uandike idadi.
- Jeki, stendi mbili na vigingi vya kuzuia matairi.
- Ikibidi kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: oili mpya, filta, silikoni ya gasketi na kikwangulio cha plastiki.

## Hatua ya 1: Simamisha kila kitu

Toa ufunguo mfukoni au ndani ya gari na umkabidhi mtu asiyehusika na kazi. Halafu vua terminali hasi ya betri, ile yenye alama ya kutoa.

Sababu ni hii. Silinda ya 1NZ-FE ina upana wa milimita 75, na pistoni inapofika juu kabisa, nafasi yote inayobaki juu yake ni kama sentimita 40 za ujazo, pungufu ya vijiko vitatu vya mezani. Nafasi hiyo imetandazwa, na pembezoni uwazi ni mdogo sana. Injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagiwa mafuta, pistoni hupanda juu zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Nati ya chuma haina pa kujificha humo.

Niliwahi kufungua injini ya IST ya mzee mmoja ambaye kijana aliyemfanyia sevisi alimwambia, "Mzee wangu, washa tu, itatoka na moshi." Juu ya pistoni ya tatu palikuwa na alama za pembe sita, zimegongwa zikapandana kama mihuri ya posta kwenye bahasha. Ncha ya plagi ilikuwa imebonyezwa ikawa bapa. Valvu mbili zimepinda. Nati haikutoka na moshi. Ilikuwa bado imo, imekunjamana, imenata kwenye hedi, ile sehemu ya injini inayofunika silinda kwa juu.

Onyo: kusukuma gari likiwa kwenye gia ni sawa na kuwasha. Gari la manyo liweke fri, kisha uzuie matairi.

## Hatua ya 2: Mhoji pacha

Kabla ya kuingiza sumaku popote, mchukue pacha umuulize maswali mawili.

Anashikwa na sumaku? Mguse na fimbo yako. Chuma cha kawaida kitaruka na kuganda. Shaba, alumini, plastiki na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu havitashikwa. Nimeona watu wakivua kwa sumaku saa mbili nzima wakitafuta washa ya shaba.

Anapita wapi? Weka pacha juu ya uzi wa plagi ya zamani. Uzi huo una upana wa milimita 14, na tundu lake kwenye hedi lina uwazi wa milimita 12 na ushee. Nati ya kawaida ya spana namba 10 ina milimita 11 na nusu kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo inapita, tena kwa urahisi. Nati ileile ikiwa na kitako cha washa haipiti, na hapo umeshaokoa nusu siku: silinda umeiondoa kwenye orodha bila kufungua kitu.

Ukimaliza hatua hii utakuwa unajua kifaa gani kitakusaidia na mashimo gani kitu chako kingeweza kuingia.

## Hatua ya 3: Tafuta nje kwanza

Vitu vingi vinavyosemekana vimeingia ndani ya injini viko nje yake. Viko juu ya gia boksi, kwenye kona ya mabano ya injini, katikati ya waya, au vimelala kwenye plastiki ya kinga chini ya injini.

Kwanza sikiliza kumbukumbu yako. Ulisikia mlio mmoja mkavu, au migongano kadhaa ikishuka? Migongano inayoshuka mara nyingi ni kitu kinachopita kati ya vyuma kwenda chini. Mlio mmoja kisha kimya ni dalili ya kitu kilichotua ndani ya shimo.

Nyanyua gari, weka stendi, kisha fungua kinga ya chini taratibu ukiishikilia kama sinia ili kilicho juu yake kisimwagike. Pitisha sumaku kwenye kila kona. Usipulize kwa kompresa wakati huu. Hewa inaweza kukitoa kitu mahali salama na kukitupa mahali pabaya.

Onyo: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

## Hatua ya 4: Ikiwa imeingia kwenye shimo la plagi na plagi bado imefungwa

Hii ni bahati nzuri, na watu wengi huiharibu kwa mikono yao. Plagi iliyofungwa ndiyo kizibo cha silinda. Usiilegeze hata robo mzunguko ukidhani utaisogelea nati.

Tatizo la shimo hili ni kwamba kuta zake zikiwa za chuma, sumaku huganda ubavuni kabla ya kufika chini. Vika kichwa cha sumaku kipande cha mrija wa plastiki, ukiacha ncha tu wazi. Ubavu hautagusa ukuta na sumaku itashuka moja kwa moja.

Kama kitu hakishikwi na sumaku, paka grisi nzito kwenye ncha ya fimbo nyembamba, kibonyeze taratibu, kisha vuta bila haraka.

Kitu kikishatoka, pitisha kamera. Unatakiwa kuona kichwa cha plagi na pete yake ya pembe sita, bila mchanga na bila oili. Ukiona mchanga, ufyonze sasa. Mchanga huo utaingia kwenye silinda mara tu plagi itakapotoka, nao hukwaruza ukuta kimyakimya.

## Hatua ya 5: Ikiwa imeingia ndani ya silinda

Hapa ndipo pa kutulia. Kama umeanza kuchoka, nenda kanywe chai kwanza.

Ziba mashimo mengine. Plagi nyingine zikiwa zimetoka, funika matundu yake kwa matambaa uliyoyahesabu. Tatizo moja lisizae la pili.

Chungulia kabla ya kuvua. Ingiza kamera. Chini utaona kichwa cha pistoni, kina masizi meusi. Zungusha kamera utazame juu na pembeni: kuna valvu nne, mbili kubwa za hewa na mbili ndogo za ekzosi. Tazama kama kuna valvu iliyo wazi, utaona uwazi wa umbo la mwezi mchanga pembeni yake. Kama ipo wazi na nati huioni juu ya pistoni, yawezekana imeingia kwenye njia ya valvu hiyo au imekaa ukingoni mwake.

Usizungushe krenki ili kuona vizuri. Injini ya silinda nne ikizimwa, kwa kawaida pistoni zake husimama karibu na katikati ya safari, kwa hiyo nafasi ya kuvulia unayo. Pima kwa mrija wa plastiki: ushushe hadi uguse pistoni, uweke alama ya kidole. Ukikuta pistoni iko juu kiasi kwamba sumaku haipati nafasi, acha mrija ndani na umwombe mwenzako asogeze pulei ya krenki kwa racheti kidogo kidogo, kuelekea mkono wa saa. Mrija ukishuka, endelea. Mrija ukipanda, mwambie asimame papo hapo. Baadhi ya injini za zamani za Honda huzunguka kinyume cha mkono wa saa, kwa hiyo hakikisha ya kwako kwanza.

Vua kwa mpangilio huu:

1. Sumaku, kama pacha alishikwa. Ishushe katikati ya pistoni, kisha uitembeze kuelekea ukingo. Pistoni ni alumini, haitakusumbua. Ukuta wa silinda na baadhi ya valvu ni chuma, navyo vitakuvuta. Ukihisi imeshika kwa nguvu na haitoki, hujashika nati. Umeshika ukuta au valvu. Itikise kidogo, ilegee, uanze tena.

2. Grisi kwenye ncha ya mrija. Inafaa kwa washa ya shaba na vipande vya plastiki. Futa na upake upya kila inapochafuka.

3. Kufyonza. Funga mrija mwembamba kwenye mdomo wa mashine ya vumbi kwa tepu, uzibe kila mwanya. Njia hii ndiyo bora kwa vipande vya kauri vya plagi iliyovunjika, mabaki ya uzi wa alumini na mchanga. Hakikisha hakuna petroli mbichi wala harufu yake, kwa sababu mota ya mashine hutoa cheche. Acha mashimo wazi kwa muda mvuke utoke kwanza.

Nati ikifika mdomoni mwa tundu huwa inagonga na kurudi chini, kwa kuwa inapanda ikiwa imelala. Usivute kwa nguvu. Ishushe kidogo, zungusha fimbo, ipandishe tena hadi ijipange na tundu. Zoezi hili linaweza kurudiwa mara 10 au 15, ni kawaida kabisa.

Onyo: usipulize hewa ya kompresa ndani ya silinda ukitumaini kitu kitaruka nje. Kinaweza kuruka kwenye valvu iliyo wazi, au usoni mwako. Na usimwage oili ili kitu kielee. Chuma hakielei kwenye oili.

Umefanikiwa pale kitu kinapolala mezani kando ya pacha wake, vikalingana urefu, pembe na uzito. Kikiwa na pembe iliyomeguka, kazi haijaisha. Rudi na kamera na mashine ya kufyonza utafute kipande.

## Hatua ya 6: Ikiwa imedondoka kava la tapeti likiwa wazi

Kava la tapeti ni kile kifuniko cha juu kabisa cha injini. Likiwa wazi, kwanza ziba: matambaa kwenye matundu ya kurudishia oili na kwenye chumba cha cheni upande wa pulei. Ndipo utafute juu ya hedi. Kati ya springi za valvu kuna vidimbwi vya oili vinavyoweza kuficha nati nzima. Papasa kila kidimbwi kwa kidole, kisha kwa sumaku.

Kama haipo juu, imeshuka. Njia ni mbili: kupitia matundu ya oili hadi kwenye sampu, au kupitia chumba cha cheni. Ya pili ndiyo ya kuogopa. Kitu kikikaa kati ya cheni na meno ya chini, ukizungusha injini cheni itaruka meno, taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni kupishana) itaharibika na valvu zinaweza kugongana na pistoni. Shusha kamera taratibu upande wa cheni, kisha sumaku ya kupinda. Ukiiona imekwama kwenye reli inayoongoza cheni, usiisukume ishuke. Ivute juu, hata ikichukua saa nzima.

Usipoiona kabisa, chukulia kwamba iko kwenye sampu. Hapa watu hugawanyika. Wapo mafundi wazuri wanaosema nati ikilala chini ya sampu haina madhara, kwa sababu chujio la pampu ya oili litaizuia. Kuhusu nati wana hoja. Lakini kipande cha plastiki au cha silikoni huweza kuziba chujio hilohilo, na pampu ikikosa oili, beringi za krenki haziwezi kuvumilia. Mimi huwa nashusha sampu bila kujali ni kitu gani. Ni kazi ya nusu siku ukilinganisha na kununua injini nyingine.

Kabla ya kushusha, watu hujaribu kumwaga oili wakitumaini nati itatoka nayo. Nati ya namba 10 haitatoka. Tundu la kumwagia oili la Toyota nyingi ni la bolti ya milimita 12, na ndani ya uzi linabaki kama milimita 10 na nusu. Skrubu nyembamba inaweza kutoka. Kwa hiyo mwaga oili kwenye beseni safi na uichunguze kwa sumaku, halafu endelea.

1. Kwenye 1NZ-FE sampu ya chini ni ile ya bati. Fungua bolti na nati zake ndogo za spana namba 10, ukizipanga kwa mpangilio wake.
2. Itenganishe kwa upole. Ina silikoni, si gasketi ya karatasi. Ukiingiza bisibisi kwa nguvu utapinda ukingo na itavuja milele.
3. Tazama ndani ya sampu, kisha tazama chujio la pampu juu yake. Toa kila kisicho oili.
4. Kwangua silikoni ya zamani kwa plastiki, futa mafuta hadi pande zote mbili ziwe kavu.
5. Paka uzi mmoja wa silikoni usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Usizidishe. Kinachofinywa ndani ndicho kitakachoziba chujio kesho.
6. Rudisha bolti kwa kupishana pande, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili.

## Hatua ya 7: Ikiwa imeingia kwenye njia ya hewa

Hutokea ukisafisha throto bodi, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, au ukivua bomba la filta ya hewa. Kitu hukaa kwenye tumbo la manifoldi, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda, na injini ikiwaka hufyonzwa moja kwa moja hadi kwenye valvu.

Usiingize kidole kwenye throto ya umeme wakati swichi iko on; kile kipepeo kinaweza kujifunga ghafla. Vua throto bodi, chungulia kwa kamera kila mkondo, kisha fyonza. Usipoiona na una uhakika iliingia humo, manifoldi ivuliwe. Nunua gasketi zake mapema.

## Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kuwasha

Plagi zote zikiwa nje, zungusha pulei ya krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Inatakiwa miwili kwa sababu kemshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili, na ni hapo tu kila valvu inakuwa imefunguka na kufunga.

Injini nzima huzunguka kwa uzito wa kufanana, ikikazana kidogo pale kemshafti inaposukuma springi. Ikigota sehemu moja kama imegonga jiwe, acha. Usiongezee nguvu. Rudi kwenye kamera.

Ikipita, toa fyuzi ya pampu ya petroli, rudisha betri, piga stata sekunde 5 plagi zikiwa bado nje. Utasikia mlio mwepesi wa kufanana, bila kugonga. Funga plagi kwa vidole hadi zikae ndipo ukaze kwa boksi, rudisha koili na fyuzi, hakikisha kiwango cha oili, kisha washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, zima mara moja.

## Lini ukubali hedi ishuke

Kama kamera imeona nati imekwama kwenye kitako cha valvu na haitoki, kama injini ilishazungushwa kwa stata nayo ikiwa ndani, au kama mizunguko ya mkono inagota, mwite fundi wa hedi. Mweleze ukweli wote, hata kama ni wewe uliyewasha. Akijua iliwashwa kwa muda gani na ilipiga kelele gani, ataanzia pale panapostahili.

## Kazi inayofuata, fanya hivi

Futa na fyonza kuzunguka plagi kabla ya kuilegeza. Kila tundu likifunguliwa, lipate tambaa kabla hujageuza shingo. Nati za kava zitoe kwa mkono, na zile zenye washa iliyolegea zipake grisi kidogo washa igande kwenye nati. Bolti zipange kwenye boksi la katoni lililotobolewa kwa umbo la kava, ili tundu lililobaki wazi lionekane kwa jicho moja. Na kabla ya kufunga boneti, hesabu matambaa. Uliandika 6, yawe 6 mkononi.